Msomaji Aliyelipa Anadai Nini?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya ile baridi ya Sumbawanga inayomfanya mtu aamke na koti, nilipata ujumbe wa maneno matano: "Mwanangu, wiki hii sijaona changu."

Aliyeandika ni mama mmoja anayeuza maharage sokoni. Alikuwa mwanachama wa kundi langu la WhatsApp, na kila mwezi alinitumia shilingi 2,000 ili asome insha moja kila Jumamosi. Wiki hiyo nilikuwa sijaandika kitu. Nilikuwa bado kitandani, nimejikunja, natunga sababu ya kumwambia: umeme ulikatika, bando liliisha, nilisafiri. Zote tatu ni sababu nzuri huku kwetu na hakuna anayezihoji. Lakini lile neno "changu" lilinikaa kooni. Mimi siku zote nilikuwa nasema insha yangu.

Nieleze kidogo nilivyofika hapo. Mimi ni mwandishi wa habari wa mkoani, wale tunaolipwa kwa stori iliyotoka gazetini, siyo kwa stori iliyoandikwa. Unaweza kupanda basi mpaka Laela, ukalala, ukarudi na habari ya bei ya mahindi, mhariri akaiweka pembeni, na nauli ikawa ni sadaka yako kwa taifa. Nilipomaliza chuo nilifungua blogu. Kizazi chetu kililelewa na blogu: Ndesanjo Macha alikuwa ameanzisha Jikomboe mwaka 2004, Michuzi akaja na yake 2005, na sisi tuliofuata tukaamini kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta ya kuazima anaweza kuwa gazeti zima.

Halafu zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini baadaye haikunikuta. Wenzetu wa nje wakisema blogu ya kulipia wanamaanisha kwamba msomaji ndiye anayelipa. Kwetu, mwaka ule, mlipaji alikuwa mwandishi. Blogu yangu ilikuwa inatembelewa na watu kama sitini kwa siku, na nadhani nusu yao nilikuwa mimi mwenyewe naangalia takwimu. Nikaifunga bila hata kuaga.

Miaka kadhaa ikapita ndipo nikasikia kuhusu Substack, ambako mwandishi anawatumia wasomaji wake maandishi na wao wanamlipa kwa mwezi. Nikafurahi kwa kama dakika kumi. Substack inawalipa waandishi wake kupitia Stripe, na Stripe haifungulii akaunti mtu aliyeko Tanzania. Kwa hiyo nikafanya kile wanachofanya watunzi wa simulizi wa hapa nyumbani wanaouza riwaya zao kipande kwa kipande: kundi la WhatsApp, namba ya M-Pesa, na onyo kali juu kabisa kwamba kusambaza ni wizi.

Mwezi wa tatu nilikuwa na watu 41. Sijui kama aliyewahi kulipwa mshahara mnono anaweza kuelewa furaha ya 82,000 zinazoingia mbili mbili. Kila simu ilipotetemeka nilijua kuna mtu, Mpanda au Tunduma au Dar, amekaa akaamua kwamba maneno yangu yana thamani ya sahani ya wali. Niliandika kama mtu anayefukuzwa. Niliandika juu ya malungu, yale matanuru marefu kupita kimo cha mtu ambayo Wafipa waliyeyushia chuma, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Ni insha ninayojivunia hadi leo. Wiki ile walijitoa watu wawili.

Wiki iliyofuata nikaandika kuhusu uchawi.

Ndugu msomaji, kama umewahi kujitambulisha popote Tanzania kwamba unatoka Sumbawanga, unajua kitakachofuata. Mtu atacheka, atarudi nyuma hatua moja, atakuuliza kama mmetumwa au kama ungo umeuacha stendi. Jina lenyewe la mji hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi", lakini nani ana muda na fasiri? Nimechukia utani huo tangu shuleni. Na bado niliandika insha ya uchawi, yenye ungo, yenye radi ya kiangazi, yenye mzee asiyekufa. Sikumhoji mtu yeyote. Nilitumia yale yale ninayotaniwa nayo. Wakaja wanachama tisa wapya kwa siku mbili. Nikaandika ya pili. Nikaandika ya tatu. Kundi likafika watu 63.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana miongoni mwetu tunaoandika mitandaoni: usikate tamaa, andika kila wiki bila kukosa, wasikilize wasomaji wako, idadi itakuja. Nina ugomvi na ushauri huu. Unachukulia kwamba ari ni kitu chema popote kinapokwenda. Wakati wa zile insha tatu ari yangu ilikuwa juu kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Niliamka alfajiri. Sikukosa Jumamosi hata moja. Niliwasikiliza wasomaji wangu mno. Kama kipimo ni bidii na idadi, nilikuwa nafanya kila kitu sawasawa.

Aliyenikamata ni mtu ambaye hakuwahi kunilipa senti tano. Ni mwalimu mstaafu, anakaa upande wa Chanji, na insha zangu alikuwa akiforwadiwa na mpwa wake, yaani kwa lugha ya onyo langu mwenyewe, alikuwa anasoma mali ya wizi. Alikuwa akizisoma na kalamu. Kweli kabisa: alimwagiza mpwa wake aende steshenari azichapishe, akasahihisha kwa wino mwekundu, halafu nikikutana naye ananikabidhi karatasi bila hata salamu ndefu. Mara ya kwanza nilikuwa nimefananisha kujenga wasomaji na ntumba, yale matuta ya Kifipa ambayo nyasi hufukiwa ndani ya udongo zioze ziwe mbolea. Pembeni aliandika: "Umewahi kulima ntumba?" Sijawahi. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nikaifuta ile sentensi, na nikamchukia kwa wiki nzima.

Baada ya insha ya tatu ya uchawi nilimkuta amekaa nje ya duka la dawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesoma." Akanyamaza. Safari hii hakuwa na karatasi. "Hivi mwezi ni shilingi ngapi?"

"Elfu mbili, Mwalimu."

"Elfu mbili." Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya gunia. "Basi angalau ungetuuza bei ya juu kidogo."

Hayo tu. Akaniuliza habari za mama yangu, tukaachana.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Julai sikuwa na kitu. Ya uchawi sikuweza tena, na ya malungu niliogopa. Nilipopata ujumbe wa yule mama nilifungua simu, nikatafuta rasimu ya zamani, jambo fulani kuhusu mvua na kumbukumbu, maneno mazuri yasiyosema kitu, nikaituma. Saa moja baadaye akajibu: "Asante mwanangu. Imenigusa." Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Mtu aliyelipa kabla anadai nini hasa? Kama anadai kitu kwa wakati, nilikuwa nimemlipa deni lake. Kama anadai kitu kizuri, nilikuwa nimemdhulumu, na kuguswa kwake hakupunguzi dhuluma, kunaiongeza, maana aliniamini. Lakini ukisema ni kitu kizuri, nani anaweza kuahidi kitu kizuri kila Jumamosi? Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatusimulia hadithi jioni tukiwa tunapukuchua mahindi. Watu hupenda kusema zamani hadithi zilikuwa bure. Hazikuwa bure. Tulilipa kwa vidole, na gunia likijaa hadithi inaisha hata kama sungura yuko kisimani. Ila bibi hakuwa na Jumamosi. Alisimulia kulipokuwa na mahindi.

Na yule mwalimu je? Hakulipa, kwa hiyo kwa hesabu za soko hanidai lolote. Mbona yeye ndiye aliyesoma kwa makini kuliko wote 63, na yeye ndiye niliyekuwa nimemuuza?

Nikafikia uamuzi ambao wakati ule niliuona wa kiungwana. Nilikopa kwa dada yangu, nikamrudishia kila mwanachama 2,000 zake, na makato juu yangu, pamoja na ujumbe mzuri kwamba nasimama mpaka nitakapokuwa na la kusema. Shilingi 126,000, ukiacha makato. Wengi walijibu kwa kidole gumba. Wawili walidhani ni utapeli wakanizuia. Yule mama alipiga simu.

"Nimekukosea nini?"

"Hapana mama, hujanikosea. Mimi ndiye..."

"Maana mtu akikurudishia hela yako hivi hivi, amekuambia usije tena kwake."

Nikaona haya si ya simu. Nikaenda sokoni. Meza yake iko mwisho wa safu, amepanga maharage kwenye madebe manne: ya njano, mekundu makubwa, ya michirizi, na debe moja la nyuma lenye maharage yaliyofifia rangi. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akaendelea kumpimia mteja. Nikaanza kueleza. Nilisema mengi kuhusu ubora na dhamiri. Akanisikiliza vizuri sana, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayeeleza kwa nini amevunja kikombe.

Akaniuliza kama najua wanaosoma ni wangapi. Nikasema 63. Akacheka, akawaita wenzake wa meza za jirani. Kumbe kila Jumamosi mchana, soko likipoa, binti yake anasoma kwa sauti, na wanawake saba, wakati mwingine wanane, wanasikiliza huku wanachambua mchele. Mmoja wao aliniambia insha ya matanuru ilimkumbusha kilima cha kwao, ambako watoto walikuwa wakiokota mavi ya chuma kuchezea, na hakuna aliyewahi kuwaambia ni nini. Nilikuwa na onyo linalosema kusambaza ni wizi. Sikulitaja.

"Na zile za wachawi?" niliuliza.

Wakatazamana. "Zile," mama akasema, "tulizisikiliza. Tukasema kijana anatafuta wateja." Hakuna aliyecheka. Halafu akasema kitu kilichonishangaza: kwamba aliilipia miezi ile bila kinyongo, kwa sababu na yeye anajua njaa ya wateja ilivyo. Kinyongo chake kilikuwa kwenye ile ya mvua. "Ile ilikuwa ya zamani, eh?"

Sikujua niseme nini. "Ulijuaje? Si uliniambia imekugusa?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Umeituma umechelewa, nikajua una shida."

Akavuta lile debe la nyuma. Ni maharage ya msimu uliopita, akasema. Yanachukua kuni nyingi na hayaivi sawasawa. Anayauza kila siku, na watu wanayanunua, wengine kwa sababu ya bei, wengine kwa sababu wana haraka ya kurudi nyumbani na mapya yameisha. "Ila nasema ni ya mwaka jana. Naanza kusema kabla hajashika. Sasa wewe badala ya kusema, umefunga meza."

Bado sina uhakika kwamba hoja yake inamaliza kila kitu. Maharage ya zamani hayamchafulii mtu jina la mji wake, na kwa zile tatu za uchawi nadhani deni langu liko kwa watu ambao hawamo kwenye kundi wala hawatakuwemo. Hilo sijui hata linalipwa kwa sarafu gani. Nilizifuta, lakini zilishaforwadiwa; wiki iliyopita tu rafiki yangu wa Mbeya alinitumia moja yao, haina jina, akiniuliza kama ni kweli.

Nilifungua tena kundi mwezi wa tisa. Onyo la wizi nimeliondoa. Tumebaki 38, wengi wao wa hapa hapa Rukwa, na dada yangu nimemlipa nusu. Jumamosi iliyopita nilikuwa Kasanga kikazi kwa siku nne, sikupata muda wa kuandika, nikatuma kitu cha miaka miwili nyuma. Juu kabisa, kabla ya kichwa, niliweka mstari mmoja: Haya ni ya mwaka jana.

Jumatatu mpwa wa Mwalimu akaniletea karatasi. Wino mwekundu, pembeni ya mstari ule ule: "Umesema miaka miwili. Sahihisha."