Alama za Mtihani na Mlango wa Sayansi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule za sekondari yatangazwapo katika Kenya, nyumba kadhaa hujaa vigelegele na nyumba nyingi hujaa kimya. Katika nyumba za kimya hukaa vijana waliotumaini kuwa madaktari, wahandisi, wafamasia au wataalamu wa mimea, nao wamepata C au D+ mahali walipotazamia B. Jirani akiuliza habari zao hujificha. Ndugu akiuliza huinamisha kichwa. Lakini swali lililo zito kuliko yote ni lile wanalojiuliza wenyewe usiku: Je, ni haki mtihani wa siku chache kuamua kazi ya maisha yote? Swali hili lina pacha wake, ambaye watu hawapendi kumtazama: Mtu aliyepata alama haba ana haki gani ya kudai nafasi katika elimu itakayo uangalifu mkubwa? Maswali haya yafaa kujibiwa pamoja. Ajibuye la kwanza peke yake huwa mlalamishi, na ajibuye la pili peke yake huwa katili.

Kwanza na tujue mtihani wenyewe ni kitu gani. Mtihani wa KCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Daraja ya mtahiniwa hupatikana katika masomo saba, na kila somo lina pointi 12 kwa wingi, hata jumla ya juu kabisa ni 84. Apataye wastani wa C+ huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha kusomea shahada katika chuo kikuu. Walakini kufikia kiwango si kupata nafasi. Shirika la serikali ligawalo nafasi za vyuo, liitwalo KUCCPS, hutazama alama za masomo manne yahusianayo na elimu iliyoombwa, hulinganisha waombaji wote, na kuwapa nafasi walio juu hata nafasi zimalizike. Yawezekana basi kijana mwenye B akakosa udaktari, ijapokuwa amefaulu mtihani. Huyu hakuambiwa kwamba hana akili. Ameambiwa kwamba nyumba imejaa. Maneno haya mawili ni mbalimbali sana, na vijana wengi hujidhulumu kwa kuyachanganya.

Mtihani ni mfano wa shahidi. Shahidi mwema husema aliyoyaona, wala hasemi asiyoyaona. Karatasi ya kemia iliona kwamba mtahiniwa hakuweza kukadiria nguvu ya asidi kwa kuidondosha kutoka katika bureti. Hilo ni kweli, nayo imelisema. Lakini karatasi haikuona kwamba shule yake ya kutwa haikuwa na maabara, na kwamba bureti ile aliishika kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya mtihani. Haikuona siku alizorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wala taa iliyozimika kwa kukosa mafuta. Kwa shahidi huyu, yeye na mwenzake aliyejizoeza katika maabara kwa miaka minne ni sawa, na atofautishaye ni kalamu tu. Ushahidi wake si wa uongo, ila haukutimia. Na hakimu ahukumuye kwa ushahidi usiotimia hana budi kuacha nafasi ya rufani.

Zaidi ya hayo, mizani yenyewe hubadilika. Katika mtihani wa mwaka 2015, mwaka uliosifika vibaya kwa udanganyifu, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata daraja ya A. Mwaka 2016, karatasi zilipolindwa kwa ukali, waliopata A walikuwa 141 tu katika nchi nzima. Hakuna mwenye busara awezaye kudai kwamba akili za watoto wa Kenya zilinyauka kwa muda wa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni ulinzi na upimaji. Jambo hili latufundisha kwamba herufi iandikwayo katika cheti huchukua ndani yake mambo mengi ambayo mwanafunzi hakuyafanya. Tena latufundisha kwamba kila aliyeiba majibu alimwibia mwenzake mwaminifu nafasi yake katika safu.

Baada ya kusema haya, lazima tugeuke upande wa pili, maana haki ina macho mawili. Shahidi asiyetimiza habari si shahidi wa kufukuzwa. Kijana aliyepata D katika hisabati, naye ataka uhandisi, ameambiwa jambo la kweli juu ya hali yake ya leo, hata kama si la kweli juu ya uwezo wake wa kesho. Daraja la mto halisikii udhuru. Haliulizi kama aliyepiga hesabu zake alisoma kwa taa ya mafuta au kwa umeme. Hesabu ikiwa mbovu, daraja huanguka na watu hufa. Dawa iliyozidi kipimo haipunguzi sumu yake kwa kumhurumia aliyeipima. Basi chuo kinapomdai mfamasia kemia, na mhandisi hisabati na fizikia, hakimwonei mtu. Kinamtetea mgonjwa ambaye hajalazwa bado, na msafiri ambaye hajafika bado mtoni. Huruma kwa mwanafunzi ni fadhila, lakini huruma hiyo haina ruhusa ya kulipwa kwa maisha ya mtu mwingine.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaotaka kizingiti kishushwe, wala sikubaliani na wale wasemao kwamba aliyejikwaa mlangoni arudi kwao asionekane tena. Naona iko njia ya tatu, ambayo ni ya haki kuliko hizo mbili: kizingiti kibaki pale kilipo, lakini nyumba iwe na milango mingi, na mlango wa pili usiwe wa matajiri peke yao.

Watu hupenda kuwaliwaza vijana kwa hadithi ya Albert Einstein, wakisema kwamba alikuwa mjinga wa hisabati shuleni. Hadithi hiyo si kweli, na kitulizo cha uongo hakidumu. Kweli yake ina faida zaidi. Mwaka 1895, alipokuwa na umri wa miaka 16, Einstein alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, katika Uswisi, naye alikuwa mdogo kwa miaka miwili kuliko desturi. Katika hisabati na fizikia alifanya vizuri sana. Katika masomo mengine hakutosheleza, basi hakupokelewa. Alifanya nini? Alikwenda katika shule ya mji wa Aarau, akakaa darasani pamoja na wanafunzi wengine, akatimiza yaliyopungua, na mwaka 1896 chuo kile kile kikampokea. Chuo hakikushusha kizingiti, wala Einstein hakukitukana. Wahenga wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Einstein aliinama kwa mwaka mmoja, na kuinama huko hakukumpunguzia kimo.

Mfano wa pili wafaa kutazamwa kwa makini zaidi. John Gurdon alikuwa mwanafunzi wa shule ya Eton, Uingereza. Mwaka 1949 alikuwa wa mwisho katika biolojia miongoni mwa wavulana 250, na mwalimu wake aliandika kwamba wazo la kijana huyu kuwa mwanasayansi ni jambo la kuchekesha. Akaondolewa katika masomo ya sayansi, akapelekwa katika lugha za kale. Baadaye alipata nafasi katika chuo kikuu cha Oxford, akaomba kusoma elimu ya wanyama, na kabla ya kuianza alifundishwa misingi ya biolojia kwa mwaka mzima. Kijana yule yule, mwaka 1962, alitangaza kwamba kiini cha seli iliyotoka katika utumbo wa kiluwiluwi, kikitiwa ndani ya yai la chura lililoharibiwa kiini chake, huweza kukuza kiluwiluwi mpya. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2012, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Wengi wasimulia habari hii na kuishia hapo. Lakini yumo ndani yake mtu asiyetajwa: aliyelipa ada ya mwaka ule wa mafunzo. Walilipa wazazi wa Gurdon, kwa kuwa walikuwa na uwezo. Na tumwaze mtoto mwingine, mwenye kichwa kama kile kile, aliyezaliwa katika kibanda cha mkulima asiye na kitu. Mwalimu angaliandika maneno yale yale, na maneno yale yangalikuwa kaburi lake. Hatuna njia ya kuwahesabu waliozikwa hivyo, maana aliyenyimwa nafasi haachi uvumbuzi wa kumshuhudia. Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe la haki. Kosa la nchi si kuwa na mtihani. Kosa ni kuuza nafasi ya pili kwa bei isiyoweza kulipwa na maskini.

Katika Kenya milango mingine ipo. Aliyekosa aweza kuufanya mtihani tena. Mwenye C- aweza kupokelewa katika stashahada nyingi za ufundi na sayansi, na akifaulu vizuri, vyuo vikuu vingi humpokea kwa shahada. Njia hii ni ndefu, na mara nyingi huongeza miaka. Lakini mzigo wake mkubwa si miaka. Mzigo wake ni dharau. Jamaa husema, "Mwenzako yuko chuo kikuu, wewe wavaa ovaroli." Dharau hiyo ni ujinga uliovaa nguo za heshima. Fundi wa maabara aliyeosha chupa, akapima damu, akajua makosa ya mikono yake, kisha akaingia chuo kikuu, huleta pamoja naye maarifa ambayo herufi A haiwezi kuyaandika.

Iko njia nyingine, iliyo fupi sana: kununua majibu, au kughushi cheti. Wahenga waliipima zamani waliposema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika sayansi ufupi wake hudhuru zaidi, kwa sababu elimu hii yote husimama juu ya ukweli wa mtu mmoja aliyesoma kipimo peke yake, bila ya mtu kumtazama, akaandika alichokiona. Aliyeingia kwa namba ya uongo atawezaje kuaminiwa kuandika namba ya kweli?

Yawezekana pia kijana akajaribu tena kwa uaminifu, akatambua kwamba kipawa chake kiko katika shamba jingine. Huyo naye hakupoteza kitu. Ameacha kwa kujua, wala hakuacha kwa kutishwa, na huo ni uungwana.

Basi wewe usomaye, siku itakapokujia karatasi yenye alama usizozipenda, isome kama usomavyo ushahidi. Yaliyo kweli ndani yake yakubali bila ya hasira, ukajifunze ulichokikosa. Yasiyoandikwa ndani yake usimruhusu mtu akuandikie. Nawe ambaye karatasi yako itajaa alama nzuri, kumbuka shule iliyokupa bureti na mzazi aliyekulipia karo; na siku utakapoketi katika kiti cha kugawa nafasi za wengine, tafadhali usiufunge mlango wa pili.