Usimtume Mtu Akuombee Viza

Wanangu, nisikilizeni taratibu. Haya nimeyasema mara nyingi hadi sauti imechoka, lakini moyo haujaniruhusu kunyamaza. Vijana wananijia na bahasha za kaki mikononi. Mmoja kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma na kapata nafasi ya kuendelea na masomo Ujerumani. Mwingine kaitwa na shangazi yake aliyeko Uingereza. Binti wa jirani kaahidiwa kazi za ndani Oman. Na kila mmoja, kabla hata hajafungua bahasha, ananiuliza: "Babu, hakuna mtu unayemjua ubalozini?"

Swali hilo linanisikitisha kuliko yote. Kinachotakiwa ubalozini ni karatasi za kweli na mdomo wako mwenyewe. Anayekwambia kwamba ana mtu ndani, huyo anakitaka kilichomo mfukoni mwako.

Najua chanzo cha maradhi haya. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulitolewa mwaka 1973, sheria ikapitishwa 2018, na leo wizara zipo Mtumba tunaziona. Lakini balozi nyingi za kigeni bado zipo Dar es Salaam. Basi mtu wa Bahi au Kongwa akifikiria safari ya Dar, nauli, na malazi kwa ndugu asiyemzoea, anaona heri ampe fedha kijana wa steshenari pale mjini "amshughulikie". Vishoka wanaishi katika umbali huo.

Siku hizi umbali umepungua, wanangu. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar kwa muda usiofika saa nne. Na fomu za nchi nyingi zinajazwa kwa intaneti ukiwa hapa hapa Dodoma. Safari ni ya kupeleka alama za vidole na, kwa nchi kama Marekani, ya mahojiano. Mambo hayo mawili hayana mwakilishi. Hakuna kishoka awezaye kutoa vidole vyake kwa niaba yako, wala kukaa dirishani akajibu kwamba yeye ndiye wewe. Sasa fedha unayompa ni ya kazi gani?

Mlipe kijana wa steshenari kwa kuchapa na kutoa nakala, hiyo ni halali yake. Ila keti pembeni yake, usome kila mstari kabla hajabonyeza kutuma. Baba zenu wakienda mnada wa Msalato hawamtumi mtu wasiyemjua akawachagulie ng'ombe. Nanyi msimtume mtu akawachagulie majibu ya maisha yenu. Nimemwona kijana aliyeandikiwa kuwa ana mke na duka la jumla, eti aonekane mtu mwenye mizizi. Alipofika dirishani akaulizwa jina la mke, akakodoa macho. Hakujua hata kwamba ameozeshwa. Na anayewajibika kwa maneno yale ni yule aliyetia saini, yaani yeye.

Uongo katika fomu haupiti na mvua za mwaka huo. Kwa sheria ya Marekani, anayekutwa amedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Uingereza inaweza kumzuia mdanganyifu kwa miaka 10. Fikirieni kijana wa miaka 22 anayefungiwa hivyo kwa ajili ya sentensi ambayo hakuiandika yeye.

Jambo la benki nalo. Mnakopa kwa wajomba, mnaijaza akaunti wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya benki, halafu fedha inarudi kwa wenyewe. Afisa anayesoma taarifa hizo kazi yake ni hiyo hiyo kila siku. Akiona akaunti iliyolala na shilingi elfu arobaini kwa miezi mitano imepokea milioni 12 Jumanne, hahitaji kuambiwa na mtu. Kama anayekugharimia ni kaka yako, sema ni kaka yako, weka barua yake na taarifa yake ya benki, na vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha kuwa ni ndugu. Kipato kidogo chenye maelezo kinasomeka vizuri kuliko kikubwa kisicho na asili.

Na majina! Hapa kwetu Ugogo mtoto anabatizwa Yohana, shuleni anaandikwa John, kwenye kitambulisho cha NIDA linatangulia jina la babu, na Mazengo anageuka Masengo kwa sababu karani alisikia hivyo. Kila karatasi ina mtu wake. Yatengenezeni majina hayo kabla ya kuomba pasipoti, wala msingoje barua ya chuo ifike. Cheti cha kuzaliwa kinatoka RITA, pasipoti inatoka Uhamiaji, ambako tangu Januari 2018 wanatoa ya kielektroniki, na majina yakitofautiana kuna utaratibu wa kisheria wa kuyasawazisha. Unachukua muda, lakini ni wa halali.

Msiombe pia siku mkipenda ninyi. Viza fupi ya nchi za Schengen haiombwi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala zikiwa zimebaki siku pungufu ya 15, na ya masomo marefu huhitaji muda zaidi. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024. Ya matembezi ya Marekani ni dola 185, karibu nusu milioni ya shilingi zetu, na ukinyimwa hairudi. Ni magunia ya alizeti hayo. Masharti nayo yanabadilika: mwaka 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za matembezi na biashara wanaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Kwa hiyo msitegemee alichoambiwa jirani mwaka juzi. Someni tangazo la ubalozi wenyewe, siku ile ile mnapoanza kujaza.

Ukinyimwa, usirudi nyumbani ukisema wamekudharau kwa rangi yako au kwa kijiji chako. Soma barua waliyokupa. Sheria ya Marekani, kifungu cha 214(b), inamchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakusudia kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kinachomrudisha nyumbani. Mzigo wa kuthibitisha ni wako tangu mwanzo. Kama hali yako haijabadilika, usilipe tena mwezi unaofuata, utakuwa unazitupa fedha za wazazi.

Sasa nizungumze na mabinti, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapoumia zaidi. Kwa kazi za ndani Uarabuni viza hupatikana upesi kuliko ya Ulaya, kwa kuwa anayeiomba ni mwajiri. Ndiyo maana inadanganya. Kuipata viza hiyo hakumaanishi kuwa uko salama, maana ukaazi wako unafungwa kwa mwajiri huyo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza pasipoti kushikwa na waajiri, mishahara kuzuiwa, na saa za kazi zisizo na mwisho. Serikali yetu ilikuwa imeweka utaratibu wa mkataba kupitiwa na ubalozi wetu, lakini wengi waliondoka kwa njia za pembeni. Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat ungewatafutaje watu ambao haukujua kwamba wamefika?

Basi binti, ukiambiwa na wakala upitie nchi jirani "ili kukwepa usumbufu", simama hapo hapo. Huo anaouita usumbufu ndio ulinzi wako. Uliza kama wakala ana leseni, uliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoisoma, wenye mshahara, siku ya mapumziko na anwani ya nyumba. Acha nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa mama yako. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania iliyokabidhiwa kwako, si ya mwajiri wala ya wakala.

Mjue pia ubalozi wetu unaweza nini. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonsula unampa Mtanzania aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Maofisa wanaweza kukutembelea, kukutafutia wakili, kukupa hati ya dharura ya kusafiria pasipoti ikipotea, kuwafikia wazazi wako. Hawawezi kukutoa gerezani wala kukulipia deni. Ila taabu ya wengi ikitokea, orodha ya majina ndiyo inayookoa. Vita vilipolipuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, Watanzania waliokuwa Khartoum, wengi wao wanafunzi, walikusanywa, wakapitishwa Ethiopia na kurudishwa nyumbani kwa ndege. Kazi kama hiyo huanza kwa kujua nani yuko wapi.

Kwa hiyo nendeni, siwazuii. Nendeni na majina yenu ya kweli, kwa mkono wenu wenyewe, na wiki ile mtakayofika huko jiandikisheni kwenye ubalozi wa Tanzania, muache na namba ya simu ya mzazi aliyebaki hapa Dodoma.