Hekima ya Besaleli



Mwezi huu tutafakari habari za Besaleli katika Kutoka 31. Mungu alimjaza Roho wake ili abuni kazi za ustadi kwa ajili ya Hema. Besaleli hakuiumba dhahabu wala mti wa mshita. Alivipokea, akavipa umbo.

Siku hizi wako mafundi wanaofanana naye. Miilini mwetu protini zina kazi nyingi: kuchukua hewa katika damu, kusaga chakula, kupigana na maradhi. Kila protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Uzi huo hujikunja, na umbo lake ndilo liipalo kazi. Mwaka 2003 David Baker na wenzake, huko Seattle, Marekani, walibuni kwa kompyuta protini ya shanga 93, yenye umbo lisilojulikana katika viumbe, kisha wakaitengeneza. Mwaka 2024 Baker alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Je, watu hawa wamejifanya Mungu? Hatudhani hivyo. Shanga hawakuziumba, wala kanuni ya kujikunja hawakuitunga. Swali letu ni jingine: wanamjengea nani?

Januari 2025 kundi la Baker na wenzao wa Denmark walitangaza protini walizozibuni ili zishike sumu ya nyoka wa jamii ya swila. Panya waliotiwa sumu ya kuua waliokolewa. Tumkumbuke basi aumwaye na nyoka: mara nyingi ni mkulima, mfugaji, au mtoto apitaye njiani bila viatu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa hivyo kila mwaka. Dawa ya siku zote, itengenezwayo kwa damu ya farasi, huwashinda wengi kwa bei, na hospitali ziko mbali.

Hapo ndipo hekima hii itakapopimwa. Ikiishia kwa wenye fedha, itakuwa kama dhahabu iliyofanywa ndama katika Kutoka 32. Ikimfikia mwenye jembe, itakuwa kazi ya Hema.

Tuwaombee wataalamu hao na wenye kuwatolea fedha. Tuwasomeshe watoto wetu hesabu na sayansi bila hofu. Na jirani akiumwa na nyoka, tusimchanje wala kumfunga kamba, tumwahishe hospitali.

Bwana atupe hekima yenye huruma. Amina.