Kijana Akijifanya Mchawi Katika Mchezo wa Kompyuta, Je, Ametenda Dhambi?



Swali la toleo hili limetoka kwa wazazi. Wako vijana wanaocheza mchezo wa kompyuta ambamo mtu huchagua kuwa mlozi. Anaita mashetani wamsaidie, analaani adui, anachukua roho za wanaokufa. Wazazi wanauliza: mtoto aliyebatizwa anaweza kufanya hayo Jumamosi usiku, kisha asubuhi akasimama kwenye kwaya? Vijana nao wanajibu: ni mchezo tu.

Jibu la vijana ni fupi mno. Lakini jibu la kusema "huo ni uchawi" nalo ni fupi mno. Tulitazame jambo hili polepole, maana katika nchi tulizotoka neno "mchawi" si neno la kuchezea. Limefukuza watu majumbani mwao, na limeua.

1. Mchezo wenyewe ni nini?

Unaojulikana zaidi katika michezo ya aina hii unaitwa World of Warcraft. Ulitolewa Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard ya Marekani, na mwaka 2010 ulifikisha watu zaidi ya milioni 12 wanaolipia kila mwezi. Watu wa nchi mbalimbali hukutana humo kwa njia ya intaneti. Kila mmoja huchagua kabila na kazi. Ulipoanza kulikuwa na kazi 9: kuna askari, mwindaji, kuhani, mwizi, na kadhalika. Mojawapo ni huyu mlozi.

Mlozi wa mchezo ule huanza na shetani mdogo anayemfuata na kumtupia adui moto. Baadaye huita wengine wakubwa zaidi. Ana laana zinazomla adui polepole. Ana njia ya kujipunguzia uhai wake mwenyewe ili apate nguvu za kulogea. Lakini pia huwapa wenzake mawe ya kuponya majeraha, na akisaidiwa na wenzake wawili anaweza kumwita mwenzao aliye mbali akatokea pale walipo.

Waliotunga hadithi hiyo hawakumfanya mlozi kuwa mtu mwema wa kusifiwa. Katika mji wa wanadamu, walimu wa ulozi wanajificha chini ya baa. Katika mji wa kabila linaloitwa Orc, wanakaa kwenye korongo la giza. Na kuna jambo ambalo sisi wakimbizi tunapaswa kulisikia. Hadithi inasema kabila hilo la Orc lilikuwa na nchi yake. Mlozi mmoja, Gul'dan, aliwashawishi wakuu wa kabila wanywe damu ya shetani ili wawe na nguvu vitani. Walipata nguvu. Lakini ulozi ukaikausha ardhi, mwishowe nchi ikapasuka vipande, na wengi waliookoka wakafungiwa kambini katika nchi ya wengine. Ni hadithi ya kubuni, lakini nani kati yetu hawezi kuielewa?

2. Maandiko yanakataza nini hasa?

Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza uaguzi, ulozi na kuwauliza wafu. Hilo halina mjadala. Lakini tuangalie waliofanya makosa hayo walikuwa wakitafuta nini. Katika 1 Samweli 28, mfalme Sauli alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kwa sababu Mungu alikuwa amenyamaza, naye alitaka jibu kwa njia nyingine. Katika Matendo 19, watu wa Efeso walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Watu hao walivitegemea vitabu hivyo. Waliamini vina nguvu, na pengine walivipatia riziki.

Basi kiini cha uchawi ni kutafuta nguvu au jibu pasipo Mungu, kwa kuamini kweli kwamba litapatikana. Kijana aliyekaa mbele ya kompyuta haombi kitu kwa mtu yeyote. Shetani anayemwona ni picha na hesabu zilizoandikwa na wafanyakazi wa kampuni. Akizima kompyuta, hakuna aliyelogwa wala aliyeugua.

Tena sisi wenyewe tunajua tofauti ya kuigiza na kutenda. Kwenye maigizo ya Krismasi kuna mtoto anayekuwa Herode. Kwenye maigizo ya Pasaka kuna anayekuwa Yuda, na mara nyingine kijana anajifunga kitambaa cheusi awe Shetani, na watoto wadogo wanapiga kelele. Igizo likiisha tunampa soda. Hakuna anayemtenga na ushirika.

3. Je, basi hakuna neno?

Hapana, wapendwa, lipo neno. Yule Herode wa Krismasi anaigiza jioni moja, na igizo zima limetungwa ili sisi tumchukie Herode. Mchezaji wa kompyuta anaweza kuwa mlozi kila usiku kwa miaka, na kila akimaliza adui anapewa zawadi. Bwana Yesu katika Mathayo 5 hakuishia kwenye tendo la mkono. Alikwenda mpaka kwenye hasira iliyo moyoni. Kwa hiyo hatuwezi kuuliza tu "amemloga nani?" Tuulize pia: moyo wake unazoezwa nini?

Kuna kijana anayechagua mlozi kwa sababu ni kazi ngumu inayohitaji akili, au kwa sababu wenzake wanahitaji yale mawe ya uponyaji. Kuna mwingine anayemchagua kwa sababu amechoka kuwa mnyonge. Mchana anaambiwa asubiri karatasi, asubiri jina lake, asubiri nchi ya tatu. Usiku anapata mahali ambapo akinyoosha mkono watu wanaanguka. Huyo wa pili hajawa mchawi, lakini anatuambia kitu kuhusu uchungu wake, na mzazi mwenye hekima atausikia uchungu huo kabla ya kuzima kompyuta.

Vijana nao wakumbuke kwamba ulozi wa vita si hadithi tu kwetu. Mwaka 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanganyika, watu waliopigana na Wajerumani waliambiwa na Kinjikitile kwamba dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji. Walikufa kwa maelfu, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Mashariki ya Kongo, wapiganaji wa Mai-Mai, ambao hata jina lao limetoka kwenye neno maji, wamewanyunyizia vijana dawa kwa ahadi ileile, na miongoni mwa vijana hao wamo watoto. Mlozi wa kompyuta akifa anafufuka na kuendelea kucheza. Mtoto aliyenyunyiziwa maji hakufufuka. Katika nyumba zetu kuna mama anayemlilia mtoto wa namna hiyo. Kijana akipaza sauti sebuleni kwamba amemnyonya mtu roho, ajue ni nani anamsikia nyuma ya pazia.

Hapo ndipo 1 Wakorintho 8 inatusaidia. Mtume Paulo alikubali kwamba sanamu si kitu, na nyama iliyotolewa kwake ni nyama tu. Lakini alisema yuko tayari kuiacha kabisa kama inamkwaza ndugu. Hakusema ndugu huyo ni mjinga. Alimpenda. Bibi anayeshtuka akiona mashetani kwenye kioo huenda hajui kompyuta, lakini anajua mambo ambayo mjukuu wake hajayaona.

4. Neno kwa wazazi na watumishi

Sasa tuseme upande wa pili, na tuseme kwa sauti. Mzazi asimwite mtoto wake mchawi kwa sababu ya mchezo. Asimwite hivyo kwa hasira, wala kwa utani. Mchawi, umurozi, ndoki: kwa lugha yoyote ya kwetu, neno hilo likishatoka halirudi.

Tunajua lilikotufikisha. Mwezi Juni 2001, katika eneo la Aru huko Ituri, mamia ya watu waliuawa na majirani zao kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Huko Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Huko Kinshasa na miji mingine ya Kongo, maelfu ya watoto wamejikuta barabarani wakiitwa mashege, na wengi wao walifukuzwa kwa kushutumiwa uchawi. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2006 jinsi watoto kama hao walivyofungiwa ndani ya makanisa, wakanyimwa chakula na kupigwa ili "wakiri". Makanisa, wapendwa! Mahali pa kukimbilia pakawa mahali pa mateso.

Ndiyo sababu Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemsingizia mtoto uchawi kwa ubaya na bila msingi.

Hata Wamarekani wamewahi kushikwa na hofu ya namna hii. Mchezo wa kuigiza uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ndio baba wa michezo hii ya kompyuta. Mwaka 1982 kijana mmoja aliyekuwa akiucheza alijiua, na mama yake, Patricia Pulling, akaanzisha chama cha kuupinga akisema mchezo umemleta Shetani nyumbani. Makanisa mengi yaliamini. Watafiti walipochunguza, hawakupata ushahidi kwamba mchezo ule unasababisha vijana kujiua. Hatumcheki mama yule. Aliyefiwa hutafuta sababu, nasi tumefiwa sana. Lakini sababu isiyo ya kweli haimponyi mama, na inaweza kumwangamiza mtoto wa mwingine.

Tukumbuke pia habari ya Mats Steen wa Norway. Alikuwa na ugonjwa wa misuli tangu utoto, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, akafa Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Alikuwa mchezaji wa World of Warcraft, ingawa mhusika wake hakuwa mlozi. Wazazi wake walidhani ameishi bila rafiki. Walipotangaza kifo chake, zikaja barua za watu wa nchi mbalimbali waliosema Mats aliwafariji, aliwashauri, aliwapatanisha na watoto wao. Baadhi walisafiri hadi mazishini. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2024. Wazazi wake walikuwa wameiona kompyuta, lakini hawakuwaona watu waliokuwa upande wa pili.

5. Tufanye nini basi?

Kwa jibu la swali: kumwigiza mlozi katika mchezo si dhambi ya uchawi, na asiwepo mtu wa kumtenga au kumwombea kijana kama mwenye mapepo kwa ajili hiyo. Lakini mchezo huo unaweza kuwa mlango wa dhambi nyingine za kawaida tunazozijua: uvivu, uongo, ukatili wa moyo, na kukosa upendo kwa walio nyumbani.

Mzazi, kaa karibu na mwanao saa moja. Mwulize: huyu mlozi wako anamfanyia nani nini, na kwa nini ulimchagua? Sikiliza mpaka mwisho. Utajifunza mengi kumhusu mwanao.

Kijana, jipime kwa mambo haya. Je, unalala? Masomo yanakwenda? Pesa ya intaneti imetoka wapi? Huko Marekani mchezo ule umekuwa ukilipiwa karibu dola 15 kwa mwezi. Hapa kwetu fedha kama hiyo ni unga na mafuta ya taa la familia. Je, unaweza kuuacha wiki moja kwa ajili ya bibi yako bila kununa? Ukishindwa, basi mchezo ndio unaokucheza. Na siku utakapotamani nguvu hizo ziwe za kweli, ukaanza kutafuta hirizi au mganga, ujue hapo umevuka mpaka na si mchezo tena. Njoo tuzungumze. Hutafukuzwa.

Watumishi wa Mungu, kabla ya kuweka mikono juu ya mtoto na kutamka neno zito, tumwulize kwanza kama amekula, kama amelala, na ni nani amemkumbuka wiki hii.

Tulikimbia kwa sababu watu waliwaita majirani zao majina ambayo baadaye yaliruhusu kuwaua. Tusiyalete majina hayo ndani ya nyumba zetu hapa Kibagabaga, wala kwa hofu wala kwa mchezo.

Neema ya Bwana wetu ikae nanyi nyote. Amina.