KUTUPA SI KUONDOSHA

Katika miji yetu ya pwani limezoeleka jambo ambalo watu hulifanya pasi na kulizingatia, nalo ni namna ya kuondoa vyombo katika nyumba ya mtu aliyekufa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya jamaa na majirani, tena ilichukua siku nyingi. Leo hukodiwa watu wenye lori, nyumba ikawa tupu kwa mchana mmoja, na aliyewakodi akashukuru kuwa amepumzika. Suala tutakalo kulitazama ni hili: Je, mtu akishalipa ujira na vyombo vikatoka mlangoni, wajibu wake umekwisha?

Sisi twasema: la. Mchukuzi ni wakili tu, na tendo la wakili humrudia aliyemtuma. Na zimo katika jambo hili haki tatu ambazo ujira wa lori hauzilipi.

Haki ya kwanza ni ya mwenye mali. Mtu akifa, kila alichokiacha, hata kijiko na mkeka, si cha yule aliyeshika ufunguo. Hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi wakagawana. Na akiwamo mtoto asiyebaleghe, hapana awezaye kusamehe fungu lake kwa niaba yake. Basi mwenye kupakia kasha na cherehani kwa kuwa ni vitu vikuukuu amehukumu katika mali isiyokuwa yake. Cherehani ambayo mwana aliye na kazi nzuri haioni kuwa ni kitu, yaweza kuwa ndiyo riziki ya dada yake mjane. Tena Mwenyezi Mungu, katika Surat An-Nisaa, aya ya 8, ametuamrisha tuwape chochote jamaa wasiorithi, na mayatima na masikini, watakapohudhuria ugawaji. Watahudhuria nini, ikiwa adhuhuri haijaingia na nyumba imekwisha fagiwa?

Haki ya pili ni ya neema yenyewe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kupoteza mali. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alipita penye mbuzi aliyekufa akawauliza watu kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Walipojibu kuwa ni mzoga, akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Zingatieni, ndugu zetu: hata katika mzoga alitufunza kutazama kilichobaki chenye manufaa. Je, yu wapi aliyetupa ruhusa ya kutupa kitanda kizima kwa kuwa kamba zimekatika?

Wazee wetu hawakusoma elimu hii katika vitabu vya kizungu. Kanga ilipochakaa ilikuwa winda, na winda ilipochoka ilikuwa tambara la jikoni. Godoro la usufi lilifumuliwa, likaanikwa juani na kushonwa upya. Wako wasemao kuwa hayo yalikuwa ya umasikini, na kwamba leo kununua kipya ni rahisi kuliko kumlipa fundi. Huenda ikawa ni rahisi kwa anunuaye. Lakini gharama ya kukitupa cha zamani haikuandikwa katika bei ya duka. Iko, na hulipwa na mtu mwingine, kama tutakavyoeleza.

Wako pia wasemao kuwa nguo za maiti zina nuksi, heri zitupwe. Haya hayana asili katika dini. Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa warithi mali ya maiti wao. Vipi atawarithisha nuksi? Kanzu ya marehemu ikifuliwa ni kanzu, na anayeihitaji yu karibu.

Walakini twataka kuonya hapa. Kutoa si kujitua mzigo. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mwenye kupeleka madrasa kiti cha miguu mitatu hakutoa sadaka. Amewatuma walimu wakamtupie taka zake. Atakaye thawabu na akitengeneze kwanza, kisha akipeleke.

Haki ya tatu ni ya jirani, nayo ndiyo isahauliwayo zaidi. Kitu kikitoka kwako hakikutoka duniani. Taka za Mombasa zilimwagwa miaka mingi Kibarani, kando ya maji ya Makupa, mpaka jaa lile likafungwa mwaka 2018. Nalo jaa la Mwakirunge, upande wa Kisauni, lina watu waishio karibu nalo. Utasikia ikisemwa, "Waacheni, masikini hupata riziki jaani." Ni kweli kuwa wako wachumao kwa jasho lao, nao ni watu wa kuheshimiwa. Lakini si ihsani kumfanya mtu achimbue chuma kwa mikono mitupu baina ya vigae vya chupa. Kitenge chuma kingali nyumbani kwako, umpe mkononi. Riziki ni ile ile, na vidole vyake vimesalimika.

Wala mtu asidhani kuwa kila kinachofanywa upya ni chema. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kuanzia mwaka 2007, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Sumu yake iliingia katika damu za watoto wa jirani. Mwaka 2020 mahakama iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Betri zile zilitoka wapi? Zilitoka katika magari na nyumba za watu ambao hawakuuliza. Kinyume chake ni mfano wa Lamu, ambako mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa karibu mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kuvishwa ndara zilizookotwa. Na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Kazi zote mbili ni za kutumia kilichotupwa. Iliyozitenga ni kumjali jirani au kutomjali.

Basi nasaha yetu ni hii. Nyumba isiguswe mpaka warithi wakutane na vyombo viandikwe. Kilicho kizima kigawanywe, au kitolewe kwa ridhaa yao. Kilichoharibika kipelekwe kwa seremala au fundi. Chuma, chupa na plastiki vitengwe. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka nayo yaamrisha taka zitengwe. Betri na dawa zilizopitwa na wakati zisichanganywe na kitu. Na mwenye lori, kabla ya kupewa ujira, aulizwe: "Wavipeleka wapi?" Akikosa jawabu, asipewe kazi.

Tutaulizwa juu ya mali: tuliichuma wapi, na tuliitumia katika nini. Twaona kuwa mahali tulipoitupa ni katika jawabu hilo. Wallahu aalam.