Safari Moja, Mifuko Miwili

Mkristo anaposafiri na rafiki yake kwa ajili ya kujifurahisha, anadaiwa nini na rafiki huyo? Swali hili laonekana dogo. Tumezoea kuhubiri juu ya jirani mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Juu ya jirani tunayepanga naye likizo hatuhubiri. Hata hivyo, katika huduma yetu tumeona urafiki mwingi wa waumini ukipoa kimya kimya, na chanzo hakikuwa njaa wala ugonjwa, bali ni fedha zilizotumika wakati wa furaha.

Sisi, mchungaji na mkewe tunaoishi kwa muda Minnesota, Marekani, kwa ajili ya masomo, swali hili lilitufikia kwa njia ya mwaliko mwema. Rafiki yetu, Mtanzania mwenzetu, alituambia baada ya ibada: "Mchungaji, watoto wanakua. Likizo ya Machi twendeni wote Florida, tukawaonyeshe Disney." Yeye na mkewe ni wauguzi, na hufanya kazi zamu za usiku na za mwisho wa juma. Sisi twaishi kwa posho ya masomo, na sehemu ya posho hiyo hurudi nyumbani kulipa ada za watoto wa ndugu zetu.

Kwa msomaji asiyefahamu mambo ya huku, shule za Marekani hufungwa kwa takriban juma moja mwezi Machi au Aprili, majira ya kuchipua yanapoanza, na familia nyingi za kaskazini huikimbia baridi. Wengi huelekea Walt Disney World karibu na Orlando, mahali palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, penye bustani nne kubwa za burudani. Bei ya tiketi hutegemea tarehe, na siku za likizo ndizo ghali zaidi: mtu mzima hulipa zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure, na aliyetimiza miaka 10 hulipa kama mtu mzima. Rafiki zetu wana watoto watatu wadogo, na wa mwisho ana miaka 2. Sisi tuna wawili, wa miaka 11 na 13. Kwa hesabu hiyo, nyumba yenye kipato kidogo ndiyo iliyotakiwa kununua tiketi nne za watu wazima.

Wapo watakaouliza kwanza kama ni halali kwenda kucheza wakati wa Kwaresima. Luther aliandika mwaka 1520 kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, akafundisha kwamba Mkristo yu huru kabisa katika imani, na papo hapo ni mtumishi wa wote katika upendo. Twashika yote mawili. Hakuna dhambi katika kicheko cha watoto, na mapumziko ni zawadi ya Mungu kwa watu waliochoka. Lakini uhuru huo hauishii kwetu. Mara tunapouliza, "Naweza kwenda?", upendo huongeza swali la pili: "Na mwenzangu je?"

Mtume Paulo alilikuta jambo hili Korintho. Waumini walikusanyika kula pamoja. Wenye navyo wakatangulia kula na kunywa, na wasio na kitu wakabaki na njaa na aibu. Paulo hakuwakataza matajiri kuwa na chakula. Alisema kwamba wanawaaibisha maskini, kisha akawaagiza wangojane. Agizo lenyewe ni jepesi kulielewa, lakini ni zito kulitenda, kwa kuwa mwenye uwezo wa kutangulia ndiye anayetakiwa kusimama.

Katika bustani zile neno hilo lina sura ya kuonekana kwa macho. Kwenye michezo inayopendwa sana kuna foleni mbili. Moja ni ya wote. Nyingine, iitwayo Lightning Lane, ni fupi, nayo hulipiwa nje ya tiketi ya kuingilia. Fikiri basi familia mbili zilizosafiri pamoja tangu alfajiri. Mlangoni watoto wa nyumba moja wanapita upande wa waliolipa. Watoto wa nyumba ya pili wanasimama juani, wakiwatazama wenzao wakipotea ndani. Hakuna aliyeibiwa. Hakuna aliyetukanwa. Lakini kila mtoto amejifunza jambo ambalo mzazi wake hakukusudia kumfundisha.

Nani basi aanze kuzungumza juu ya fedha? Kwa kawaida twamwachia asiye nazo, naye huona haya. Hunyamaza, hutabasamu, kisha huchukua mkopo kwenye kadi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine hujificha nyuma ya maneno ya kiroho: "Mungu atafungua njia." Bwana Yesu mwenyewe alitaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu si upungufu wa imani, na kumwambia rafiki "hatutaweza" ni kusema kweli. Hata hivyo, twaamini kwamba mwenye uwezo ndiye apaswaye kuufungua mlango huo mapema, kabla tiketi hazijanunuliwa, kwa swali rahisi: "Ninyi mngependa tutumie kiasi gani?" Kwake swali hilo halina gharama, kwa mwenzake laweza kuwa wokovu.

Je, si rahisi zaidi aliye nacho alipe yote? Yawezekana, na tusidharau ukarimu. Lakini zawadi inayotolewa faraghani, mapema, na inayoweza kukataliwa, si sawa na ile inayotolewa mlangoni mbele ya watoto, wakati hakuna tena nafasi ya kukataa. Ya kwanza humwacha mpokeaji akiwa rafiki. Ya pili humfanya mdaiwa. Katika sharika zetu nyumbani tunaujua mnada baada ya ibada: mama huleta mayai au mkungu wa ndizi, mwingine hununua, na sadaka hiyo ni ya wote wawili. Mwenye mayai hakusaidiwa, ametoa. Safari ya pamoja nayo yahitaji nafasi ya mtu kutoa mayai yake.

Kwa msingi huo tuliketi mezani, watu wazima wanne, tukataja kila mmoja kiasi chake. Tulipatana kwamba cha pamoja kipimwe kwa mfuko mdogo: siku moja tu ndani ya Magic Kingdom, nyumba ya kupanga yenye jiko, chakula cha mchana cha kubeba, ambacho bustani zile huruhusu, na foleni moja kwa wote. Mke wangu na mimi tutakaa na mdogo wa miaka 2 ili wazazi wake wapande michezo mikubwa na watoto wetu. Rafiki zetu, waliojinyima mwaka mzima kwa zamu za usiku, watabaki siku mbili zaidi peke yao. Hilo ni haki yao, na walilisema wazi. Watoto wetu wataona gari letu likitangulia kuondoka, na watauliza. Tutawajibu ukweli, kwamba kila nyumba ina kipimo chake, na kwamba rafiki zao walitungoja.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anawahesabu marafiki wema na majirani waaminifu kuwa sehemu ya mkate huo. Basi rafiki si mtu wa kutusindikiza kwenye starehe zetu. Ni mkate tunaoomba kila asubuhi. Anayepanga likizo na mwenzake na aanze hapo, kisha ndipo achukue kalamu na karatasi.