Nani Amechelewa?

Swali namba 14 kwenye dodoso langu lilikuwa fupi: "Kwa nini ulichelewa kufika kituo cha afya?" Chini yake palikuwa na majibu sita ya kuchagua: umbali, gharama, kutojua dalili, tiba asili, hofu ya kunyanyapaliwa, na nyingine. Nililiandika mwenyewe, hosteli, Dar es Salaam, feni ikizunguka juu ya kichwa changu, na niliona ni swali zuri. Msimamizi wangu alisahihisha maswali mengi lakini hilo hakuligusa.

Aliyeligusa alikuwa mzee mmoja wa Kimaasai wilayani Longido, katikati ya mwaka 2023. Nilikuwa nakusanya data ya shahada ya uzamili: kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu katika jamii za wafugaji huchelewa kupimwa. Tulikaa chini ya mgunga nje ya boma lake, yeye na rubega lake, mimi juu ya kigoda na kishkwambi mapajani. Alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa na alishaanza kunenepa. Mkalimani wangu, kijana wa pale pale aliyemaliza kidato cha nne, alimsomea swali kwa Kimaa. Mzee alisikiliza, akatazama mbuzi waliokuwa wakirudi, akasema neno fupi. Kijana akacheka kwa aibu.

"Dada, anauliza: nilichelewa nini?"

Nilidhani hajaelewa, nikaomba arudie. Akarudia, na mzee akauliza vilevile.

Katika masomo yetu, kuchelewa ni hesabu. Mwongozo unasema mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Siku zinazozidi hapo ni ucheleweshaji, na siku hizo huitwa za mgonjwa mpaka afike kituoni. Kwa hiyo nilihitaji tarehe. Mzee alisema kikohozi kilianza katika ule ukame mkubwa wa 2022, vijana walipopeleka ng'ombe ronjo, yaani kambi ya mbali ya malisho, kwa mara ya pili. Mimi na mkalimani tulitumia robo saa kuugeuza mwendo wa ng'ombe kuwa tarehe ya kalenda. Ilitoka karibu miezi mitano kabla ya siku aliyoanza dawa. Nikaandika. Moyoni nikasema: huyu amechelewa kweli.

Kisha akamtuma mkewe ndani, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na daftari la shule, yale madogo ambayo wengi wetu tumeyabeba kwenda zahanati. Mzee hasomi, lakini alijua kila ukurasa ulipo. Akanifungulia wa kwanza. Kulikuwa na tarehe, mwandiko wa haraka, "kikohozi wiki 5", na jina la dawa ya kuua bakteria wa kawaida. Ukurasa uliofuata, wiki saba baadaye: kikohozi, kupungua uzito, dawa ileile. Wa tatu ulikuwa wa kituo kingine, kilomita nyingi kutoka pale. Huko ndiko alikoombwa makohozi kwa mara ya kwanza. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili. Alipata jibu siku hiyohiyo.

Nilipiga hesabu upya nikiwa nimekaa palepale. Katika ile miezi mitano, siku zilizokuwa zake peke yake zilikuwa kama wiki tano. Zilizobaki zilianza baada ya yeye kukaa kwenye benchi la zahanati na kusema anakohoa. Katika majibu yangu sita hapakuwa na kisanduku cha jambo hilo. Nilikuwa nimemuuliza mtu aliyegonga mlango mara tatu kwa nini hakugonga.

Ningeweza kuishia hapa, na insha hii ingekuwa rahisi: mfumo ni mbaya, mzee ni mwema. Lakini mzee mwenyewe hakuniruhusu. Alisema kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili mkwe wake alimsihi arudi hospitali, akakataa. Alikwenda orpul, porini, ambako wanaume huchinja, hula nyama na kunywa supu ya mizizi na magome kwa siku kadhaa. Alikunywa oloisuki, mti ambao kwa Kiswahili tunauita mjafari, unaosifika kwa kifua. Akapata nafuu, akasema basi. Kifua kikuu kina hila hiyo. Kimelea chake hujigawa mara moja kwa takriban saa 20, wakati bakteria wengi wa kuhara hujigawa kwa dakika. Ni ugonjwa unaokuja kama ukame wenyewe. Hakuna asubuhi moja ambayo mtu anaweza kusema, ni leo.

Halafu kulikuwa na hesabu ya mbuzi. Vipimo na dawa za kifua kikuu Tanzania ni bure, na nchi hii ina mpango wa taifa wa ugonjwa huu tangu 1977. Lakini bodaboda si bure. Wakati wa neema, safari ya kwenda kituoni na kurudi ni sehemu tu ya bei ya mbuzi mmoja. Wakati wa ukame mbuzi wamekonda, kila mtu anauza, bei mnadani inaanguka, na mahindi yanapanda. Safari ileile inakula mbuzi wawili, nao ndio chakula cha watoto mwezi ujao. Nilipomtajia kisanduku cha "gharama" alikubali kwa kichwa, lakini kama mtu anayekubali ili mgeni asifedheheke.

Nilifanya kosa moja zaidi. Kwa sauti ile tunayofundishwa kwenye semina, nilimuuliza kama anajua kwamba ugonjwa wa mapafu unaambukiza. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anajua moto unaunguza. Akanisimulia kuhusu olkipiei, homa ya mapafu ya ng'ombe. Ng'ombe anayekohoa hutengwa siku hiyohiyo. Hali na wenzake, hanywi nao. Anajua hivyo tangu akiwa layoni mwenye fimbo ndefu kuliko yeye.

"Sasa mzee," nikasema, "kama ng'ombe unamtenga siku hiyohiyo, mbona wewe..."

Hakusubiri tafsiri iishe. "Ng'ombe akitengwa, kuna mtu wa kumlisha. Mimi nikitengwa, nani atawalisha hawa?"

Aliposema hawa alionyesha boma lote kwa mkono. Katika ukame ule yeye ndiye aliyeamua ng'ombe waende wapi, yupi auzwe, nani aombwe malisho na kwa heshima gani. Mtu wa namna hiyo akisema naumwa ugonjwa wa kutengwa, hajiondoi peke yake. Niliandika "hofu ya kunyanyapaliwa", lakini nilijua neno langu ni jembamba kuliko lake.

Jua lilikuwa limeshashuka aliponiuliza yeye swali.

Ana mjukuu wa miaka minne. Mtoto huyo alikuwa amevimba tezi shingoni, na wiki tatu kabla ya siku ile alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, zile za watoto zinazoyeyushwa kwenye maji. Alikuwa akicheza karibu yetu na kopo lililofungwa kamba. Analala kwa bibi yake, katika nyumba ya udongo na samadi yenye tundu dogo la hewa, na babu alilala humo miezi yote ile ya kikohozi. Nilikuwa najua kinachoandikwa kwenye mafunzo yetu: mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka, na watoto wadogo ndio huugua upesi zaidi.

Mzee akauliza, kwa Kiswahili safari hii, bila mkalimani: "Binti yangu, huyu mtoto, ni mimi?"

Nilipata joto usoni. Dodoso langu halikuwa na jibu, wala fomu ya ridhaa. Nikakimbilia kwenye jambo ambalo ni kweli. Nilimwambia hatuwezi kujua. Nilimwambia kuna kifua kikuu cha ng'ombe, kinachoweza kumwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, nacho huweza kukaa kwenye tezi za shingo. "Inawezekana ni maziwa, mzee."

Akafikiri. "Maziwa ya ng'ombe wa nani?"

"Wako, mzee."

"Basi ni mimi."

Hakuinama, hakulia. Alisema kama mtu anayekiri deni ambalo alishajua analo.

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile, na nadhani ndilo lililonifanya niandike. Mimi nilikuwa namtafutia njia ya kutoka. Nilidhani huruma ni kumwonyesha mtu kwamba hana kosa. Yeye hakuuliza kuhusu kosa. Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo nilikuwa nayatumia kama moja: lawama na dhima. Lawama hutazama nyuma na kutafuta mbaya ni nani. Dhima huuliza kilichovunjika kiko mikononi mwa nani. Kwa wafugaji jambo hili si falsafa. Ng'ombe wako akiingia shamba la mtu usiku, wewe ukiwa usingizini, unalipa. Hakuna anayesema wewe ni mwovu, na hakuna anayesema kwa kuwa si mwovu basi usilipe. Hata damu ikimwagika kwa bahati mbaya, ukoo hukaa na kulipa mifugo, ili watu waendelee kutazamana.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila uzembe wowote. Sisi tutamwambia dereva, si kosa lako, na tutakuwa tumesema kweli. Lakini dereva akilikubali neno hilo upesi mno, akaendelea na safari yake, tutamtilia shaka. Nilisoma hoja hiyo darasani nikaijibu kwenye mtihani. Chini ya ule mgunga ndipo nilipomwona dereva.

Mtego ninaouona katika tafiti kama yangu ni huu. Neno "kuchelewa" linabeba lawama lakini linavaa nguo za hesabu. Tukiligundua hilo tunaruka upande wa pili na kusema mgonjwa hana lolote, ni umaskini, ni miundombinu, ni mila. Huko nako tunamvunjia heshima, maana tunamfanya kitu kinachosukumwa. Mzee yule alikataa vyote viwili. Hakukubali kwamba alichelewa kama mimi nilivyomaanisha, na hakukubali kwamba yaliyompata mtoto hayamhusu. Mwenye lawama kidogo kuliko sisi wote ndiye aliyeibeba dhima yote.

Na sisi wengine? Mhudumu aliyeandika "kikohozi wiki 5" na kutoa dawa bila kuomba makohozi alikuwa peke yake siku hiyo, na foleni ndefu mlangoni. Nadhani naye ana jibu lake. Kimelea hiki Robert Koch alikitangaza tarehe 24 Machi 1882. Dawa huponya wengi kwa miezi 6. Bado, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.25 mwaka 2023. Kama kuna mtu aliyechelewa, tuko wengi kwenye mstari huo, na wengi wetu tuna viyoyozi.

Nami nimo. Kibali changu cha utafiti kilichukua miezi mitano kutoka. Nasema hivi si kulalamika. Watu wanaohojiwa wanapaswa kulindwa, na kamati za maadili zina kazi yake. Ila ni miezi mitano ileile. Mimi nilisubiri barua, yeye alisubiri mvua. Kwenye ripoti, muda wangu unaitwa "maandalizi".

Mwezi mmoja baada ya siku ile mkalimani alinipigia simu kwa jambo jingine, akagusia kwamba mzee amempa mjukuu mtamba mweupe mwenye madoa. Nikamuuliza ni zawadi ya nini. Akasema hakuuliza, lakini pale bomani kila mtu anajua. Mtoto anaendelea vizuri, tezi zimepungua. Maziwa sasa yanachemshwa, ingawa wazee wengine wanasema yamepoteza ladha.

Mimi sina mtamba. Niliona ninachoweza kulipa ni swali. Nilimwandikia msimamizi wangu nikiomba kuongeza moja kabla ya lile la 14: "Mara ya kwanza ulipokwenda na kikohozi, uliombwa makohozi?" Akajibu kwamba ni swali zuri, lakini kubadili dodoso kunahitaji kibali kipya. Nikaomba. Wakati nasubiri niliendelea kuzunguka mabomani, na waliobaki niliwauliza lile la 14 kama lilivyo, maana ndilo lililoidhinishwa. Wengi walichagua umbali. Wengine walinyamaza kwanza, wakanitazama.

Kibali kilitoka baada ya wiki saba. Nilikuwa nimeshapanda basi la kurudi Dar es Salaam.